Kucheza ndiko kusoma: Misingi inayoongoza shule za chekechea za kijamii Nairobi

KILA asubuhi kabla ya jua kupanda, akina mama wengi wa Kawangware, Kangemi na Uthiru hushika njia kuelekea kazini. Baadhi huabiri matatu hadi katikati ya jiji la Nairobi, na wengine hutembea kwa miguu hadi Lavington, Kileleshwa na Westlands wanakofanya kazi za nyumbani na vibarua vya kila aina. Wengi wao huwa wamekwisha kumwacha mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano katika shule ya chekechea iliyo hatua chache kutoka mlangoni mwao.

Shule hizo, ambazo wenyeji huziita nasari, ni za aina nyingi. Zipo za umma zilizounganishwa na shule za msingi, zipo za watu binafsi, na zipo za kijamii, yaani zilizoanzishwa na wakazi wenyewe, kikundi cha akina mama, kanisa au msikiti, na kusimamiwa na kamati ya wazazi. Makala haya yanahusu hizi za mwisho, hasa zile zilizoamua kwamba mtoto mdogo atajifunza kwa kucheza wala si kwa kukaririshwa herufi ubaoni.

Uamuzi huo si mwepesi. Mzazi anayelipa karo kwa jasho la kibarua hutaka kuona thamani ya pesa zake, na kwa wengi thamani hiyo ni daftari lililojaa maandishi. Ndiyo maana shule ya aina hii haiwezi kudumu bila misingi inayoeleweka na kukubaliwa na wazazi, walimu na hata majirani.

Chimbuko

Shule za chekechea za kijamii si jambo geni nchini. Baada ya uhuru mwaka wa 1963, wito wa Harambee uliwafanya wakazi wa vijijini na mijini kuwatafutia watoto wao mahali pa kusomea kwa michango yao wenyewe. Hapa ukumbi wa kanisa, pale kibanda cha mabati, na penginepo kivuli cha mti. Mshahara wa mwalimu ulitoka mifukoni mwa wazazi, na hali ingali vivyo hivyo katika vituo vingi vya mitaa ya mabanda.

Hatua kubwa ya kitaalamu ilipigwa mwaka wa 1971, wakati Taasisi ya Elimu ya Kenya (KIE), iliyokuwa karibu na Barabara ya Murang'a nje kidogo ya katikati ya jiji, iliposhirikiana na Wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi kuanzisha mradi wa elimu ya chekechea. Mradi huo uliendelea hadi mwaka wa 1982. Lengo lake lilikuwa kubuni utaratibu wa kuwafunza walimu na kuandaa vifaa vitakavyomfaa mtoto wa Kenya.

Mnamo 1980, elimu ya chekechea ilihamishwa kutoka kwa wizara iliyosimamia utamaduni na huduma za jamii hadi kwa wizara ya elimu ya msingi. Miaka minne baadaye kukaundwa kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, chini ya KIE, na kuanzia mwaka wa 1985 kikawa na matawi katika wilaya.

Jambo moja kuhusu NACECE husahaulika upesi. Kazi yake haikuanza kwa kununua vikaragosi vya madukani. Hadithi, vitendawili, nyimbo na michezo ya jamii mbalimbali ilikusanywa kutoka kwa wenyeji, kwa lugha zao, ili itumiwe darasani. Kwa maneno mengine, wazo kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza halikuletwa Nairobi na wageni, ijapokuwa wengi hudhani hivyo wanapoona mabango ya shule za kifahari.

Kwa hakika watoto wa Nairobi hawakumngoja mtaalamu awafundishe kucheza. Katika vichochoro vya Kangemi na Kawangware wamecheza kalongolongo, ambapo mmoja huwa mama, mwingine baba, na udongo ukawa ugali. Wamecheza brikicho, wakijificha na kutafutana, wameruka blada, wamerusha bano, wameunda magari ya waya na kusokota mipira ya karatasi za plastiki, ingawa malighafi hiyo ilipungua baada ya serikali kupiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017.

Mchezo wenye kazi

Tofauti ya shule na kichochoro ni kwamba shuleni kuna mtu mzima aliyefikiri kabla ya mtoto kufika. Msingi wa kwanza wa shule inayofunza kupitia mchezo ni huu: kucheza si kuachwa.

Darasa la aina hiyo hugawanywa katika pembe. Pembe moja ni duka, lenye mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia, maboksi ya sabuni na vifuniko vya chupa za soda vinavyotumika kama pesa. Nyingine ni nyumba, yenye sufuria kuukuu, leso na mwanasesere wa matambara. Ipo ya vitabu na picha, ipo ya vitu vya asili kama mbegu, manyoya na mawe, na nje kuna mchanga, maji na magurudumu ya gari yaliyozikwa nusu ardhini.

Mtoto anayeuza dukani huhesabu vifuniko, na hesabu hiyo ina maana kwake kwa sababu mteja yupo mbele yake na anadai chenji. Akikosea, mwenzake humwambia. Anayemimina maji kutoka kwenye mkebe mrefu hadi kwenye mkebe mpana hugundua mwenyewe kwamba maji hayakupungua ijapokuwa yanaonekana machache. Anayesubiri zamu yake ya bembea hujifunza subira, somo ambalo hata watu wazima wa jiji hili hawalimudu kwenye foleni ya matatu.

Wakati huo mwalimu hakai. Huzunguka, huuliza maswali, huongeza kitu kimoja au kuondoa kingine, na huandika alichokiona. Je, ni nani ambaye hajazungumza na mwenzake wiki nzima? Ni nani anayeshika kalamu ya rangi kwa shida? Ni nani anayesinzia kila saa nne kwa sababu hakula tangu jana? Kazi hii ni nzito kuliko kuandika herufi ubaoni na kuwaamuru watoto 40 waitike kwa pamoja, na ndiyo sababu mwalimu asiyepata mafunzo hukimbilia ubao.

Vituo vya malezi ya mchana katika mitaa ya mabanda huonyesha upande wa pili wa sarafu. Katika baadhi yavyo watoto wengi huwekwa katika chumba kimoja chenye giza, bila kitu cha kushika wala mtu wa kuzungumza nao, hadi mama arudi jioni. Hali ya aina hii ndiyo iliyowasukuma Sabrina na Afzal Habib kuanzisha Kidogo, shirika ambalo limefanya kazi na akina mama wenye vituo hivyo jijini Nairobi, likiwafunza kupanga siku ya mtoto na kumfunza kwa kucheza badala ya kuvifunga vituo vyao. Mtoto aliyeachwa sakafuni hachezi, hata kama hakuna anayemfundisha.

Mwenye shule ni nani?

Msingi wa pili ni wa umiliki. Shule ya kijamii ni ya wazazi, na neno hilo lina uzito tu ikiwa wazazi wanafanya zaidi ya kulipa karo. Katika vituo vinavyoendeshwa vyema huwa na siku ya kutengeneza vifaa, ambapo baba fundi wa mbao huleta vipande vya kujengea, mama mshonaji huleta matambara, na nyanya huja kusimulia hadithi. Mzazi aliyekata vipande hivyo kwa msumeno wake huelewa ni kwa nini mtoto wake anavipanga kwa ukubwa.

Desturi hii si ya Nairobi peke yake. Katika mji wa Reggio Emilia nchini Italia, baada ya vita vya pili vya dunia mwaka wa 1945, wanakijiji waliuza kifaru, malori na farasi walioachwa na Wajerumani, na kwa fedha hizo wakaanza kujenga shule ya watoto wadogo. Kutoka kwa juhudi kama hizo ukachipuka mtindo ambao leo hutajwa na shule nyingi ghali za Karen na Lavington, aghalabu bila kutaja kwamba waanzilishi wake walikuwa wakulima na vibarua.

Nyumbani hapa Kenya mfano ulio bora zaidi uko pwani. Katika miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu walitafuta njia ya kuwaandaa watoto wao kwa shule bila kuwatenga na dini na utamaduni wao. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, mwalimu Bi Swafiya Said alianzisha chekechea ya kwanza ya mpango wa madrasa mjini Mombasa mwaka wa 1986. Mpango huo ulienea hadi Zanzibar mwaka wa 1990 na Uganda mwaka wa 1993. Kila shule ilimilikiwa na jamii yake, vifaa vilitengenezwa kwa vifuu, majani ya minazi na mbao za karibu, na watoto walifuata utaratibu wa kupanga watakachofanya, kukifanya, kisha kusimulia walichokifanya.

Usawa, lugha na kiboko

Kawangware na Kangemi ni mitaa ya makabila mengi, na darasa moja la chekechea linaweza kuwa na watoto wanaozungumza Kiluhya, Kikuyu, Kiluo, Kikamba na Kikisii nyumbani. Sera ya elimu imependekeza kwa miaka mingi kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya eneo lake, na mijini Kiswahili kimechukua nafasi hiyo. Hata hivyo, wazazi wengi huona Kiingereza kuwa ndicho dalili ya shule nzuri, na baadhi ya walimu huwakaripia watoto wanaotumia lugha nyingine.

Shule inayoamini mchezo haina budi kuukataa mtindo huo. Mtoto aliyekatazwa lugha yake hanyamazi tu. Huacha kucheza, maana kalongolongo haichezwi kwa ishara. Hata Sheng, inayowakera wapenzi wa Kiswahili sanifu, ina nafasi kwenye uwanja wa mchanga, ilimradi mwalimu mwenyewe azungumze lugha safi ambayo watoto wataiiga.

Usawa pia humaanisha kumpokea mtoto mwenye ulemavu, na yule ambaye mzazi wake amechelewesha karo. Hili la pili huziumiza shule hizi mno, nalo hufanya baadhi yazo kupokea mchango wa kuni, mboga au siku moja ya kufagia uwanja badala ya pesa.

Kuhusu nidhamu, sheria imekwisha kusema. Adhabu ya viboko iliondolewa shuleni mwaka wa 2001, Katiba ya 2010 ikaimarisha ulinzi huo, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaharamisha adhabu za kuumiza mwili na akili. Aidha, Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuidhinisha mwaka wa 1990, hutambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza katika kifungu chake cha 31, na Sheria ya Watoto ya 2001 iliiingiza haki hiyo katika sheria za nchi. Sheria hiyo ilichukuliwa nafasi na nyingine mwaka wa 2022. Kiboko kingali kinaonekana katika baadhi ya madarasa, lakini shuleni ambako watoto wana la kufanya, mwalimu hupata sababu chache za kukitafuta.

Hofu ya mzazi

Ikiwa mambo ni hivyo, kwa nini shule za aina hii si nyingi? Jibu limo katika hofu ya Darasa la Kwanza, ambalo sasa huitwa Gredi ya Kwanza.

Kwa muda mrefu shule za msingi zenye sifa ziliwahoji watoto wa miaka sita kabla ya kuwapokea. Mtoto aliyeshindwa kusoma sentensi alirudishwa nyumbani. Wizara ya Elimu ilikemea mtindo huo mara kwa mara, na sheria ya 2013 hairuhusu shule ya umma kumtahini mtoto ili kuamua kama atapokelewa. Hata hivyo, hofu hudumu kuliko kanuni. Mzazi aliyemwona mtoto wa jirani akikataliwa hatasubiri aone kama mambo yamebadilika.

Elimu ya msingi isiyolipiwa ilipoanza mwaka wa 2003, tatizo jingine likazuka. Chekechea haikuhusishwa na mpango huo, na baadhi ya wazazi waliamua kuiruka kabisa, wakiwapeleka watoto moja kwa moja hadi Darasa la Kwanza lisilo na karo. Walimu wa chekechea waliobaki na madarasa nusu tupu walilazimika kuonyesha kwamba wana kitu cha kuuza, na kitu chepesi kuonyesha ni maandishi.

Methali husema samaki mkunje angali mbichi, na wanaotetea kukaririsha huitaja sana. Lakini anayemkunja samaki hujua pia akizidisha nguvu atamvunja. Vidole vya mtoto wa miaka mitatu havijakomaa kushika kalamu kwa saa nzima. Hukomaa kwa kufinyanga udongo, kutunga shanga na kukamua nguo za mwanasesere.

Kinaya cha mambo kiko kando ya Barabara ya Gitanga na vitongoji vyake. Si nadra mama anayeishi Kawangware kuajiriwa Lavington kumpeleka mtoto wa mwajiri wake katika chekechea ambako siku nzima ni mchanga, rangi na nyimbo, na ambako karo ya muhula mmoja hupita mshahara wake wa miezi kadhaa. Jioni hurudi kumkagua mtoto wake mwenyewe daftari. Matajiri wananunua mchezo, maskini wanauziwa mazoezi ya kuandika, na kila mmoja anaamini amepata kilicho bora.

Ushahidi uliopo hauko upande wa daftari. Utafiti wa Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg uliochapishwa mwaka wa 2008 uliwalinganisha watoto wa chekechea za madrasa, wa chekechea nyingine na waliokaa nyumbani katika Kenya, Uganda na Zanzibar. Waliohudhuria chekechea yoyote walipiga hatua kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa madrasa waliwapita wote katika maendeleo ya akili. Nchini Marekani, watoto 123 wa familia maskini mjini Ypsilanti, Michigan, walifuatiliwa tangu miaka ya 1960 hadi walipofika umri wa miaka 40. Waliopitia chekechea iliyowaachia nafasi ya kupanga na kutenda walipata mapato bora na walikamatwa na polisi mara chache kuliko wenzao. Ni kweli kwamba katika mifano yote miwili walimu walikuwa wamefunzwa na kusimamiwa kwa karibu. Mchanga na mikebe peke yake havikufanya kazi hiyo.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, umesogea upande huo. Una miaka miwili ya elimu ya awali kwa watoto wa miaka minne na mitano, unataja shughuli badala ya masomo, na umeorodhesha maadili ya kukuzwa, miongoni mwayo upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani na uadilifu. Orodha kama hiyo ni rahisi kubandikwa ukutani. Kuigeuza kuwa tabia ya mtoto wa miaka minne huhitaji gari moja la waya na watoto wawili wanaolitaka kwa wakati mmoja.

Uji, ukuta na mshahara

Misingi mingine haivutii katika mijadala lakini bila hiyo hakuna mchezo. Mtoto mwenye njaa hachezi, kwa hivyo uji wa saa nne ni sehemu ya mtaala hata kama haukuandikwa. Mpango wa Dishi na Kaunti uliozinduliwa na Gavana Johnson Sakaja mwaka wa 2023 huwapa watoto wa shule za msingi za umma na vituo vya chekechea vya kaunti chakula cha mchana, mzazi akichangia Sh5 kwa kila mlo. Uji wa shule ya kijamii hutoka katika karo ileile inayomlipa mwalimu.

Usalama nao ulikumbukwa kwa uchungu Septemba 23, 2019, jengo la madarasa lilipoporomoka katika shule moja ya Ng'ando, Dagoretti, na watoto wanane wakafariki. Tangu mkasa huo, mzazi anayekagua shule mpya hana budi kutazama nguzo na mlango wa kutokea kabla ya kutazama picha ukutani.

Baadhi ya shule zimepata njia ya kati ya kutuliza wazazi. Daftari halikuondolewa, ila hubadilishwa matumizi: mtoto huchora alichocheza, husimulia, naye mwalimu huandika maneno yake chini ya mchoro. Ijumaa daftari huenda nyumbani. Mzazi husoma na kuona mtoto wake alikuwa mwenye duka, alimkopesha mwenzake unga, na hakulipwa.

Katiba ya 2010 iliipa kaunti jukumu la elimu ya chekechea, na katika vituo vya umma ni Kaunti ya Nairobi inayomlipa mwalimu. Kwenye shule ya kijamii ya Kangemi au Kawangware hakuna mwajiri mwingine ila wazazi. Mmoja wao akihofia Gredi ya Kwanza na kumhamishia mtoto shule ya jirani ambako watoto huandika kurasa mbili kwa siku, mshahara wa mwalimu aliyemwachia mtoto huyo acheze hupungua mwezi huo huo.